Mafunzo ya siku 3 ya kamati za amani: ramani safi, ratiba mbovu

Mafunzo haya yanawalenga wanawake na vijana wanaoingia kwenye kamati za amani. Siku ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa. Washiriki wasiozidi 25 huchora ramani ya mgogoro: nani anagombana na nani, chanzo ni nini, nani anasikilizwa na pande zote. Wanawake na vijana huchora kwanza kila kundi peke yake, kisha karatasi hubandikwa ukutani pamoja. Hapo ndipo mambo hufichuka: huyu kaonyesha njia ya maji anayoiogopa, yule kaonyesha kijiwe unakoanzia uvumi. Wakichanganywa na viongozi tangu asubuhi, inatoka ramani moja tu, ya viongozi.

Maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, 1325 (2000) kuhusu wanawake na amani na 2250 (2015) kuhusu vijana na amani, yanapitiwa haraka, na inatosha. Vizuri wakufunzi wanasisitiza kwamba 2250 inamhesabu kijana kuwa wa miaka 18 hadi 29, maana nafasi ya kijana mara nyingi hupewa mtu wa miaka 40.

Tahadhari ya mapema, yaani kutoa taarifa ya dalili za vurugu kabla hazijazuka, imefundishwa nusu. Wanajifunza kuandika nini, wapi na lini, lakini si taarifa ipelekwe kwa nani, huyo ajibu ndani ya saa ngapi, wala jina la mtoa taarifa lifichwe vipi. Taarifa mbili zikikosa majibu, ya tatu haiji.

Vipindi ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, bila mlezi wa watoto. Wenye watoto wachanga huondoka mchana, na zoezi la usuluhishi liko alasiri! Tumeyapa mafunzo haya nyota 3 kati ya 5. Zoezi hilo lihamishiwe asubuhi.