Besi langu la mninga na mpingo: uzoefu wa mwaka mmoja

Baada ya kupiga besi la dukani kwa miaka 14 katika bendi ya dansi jijini Dar es Salaam, nilimwagiza fundi mmoja, ambaye sitamtaja jina, anitengenezee gitaa la besi la nyuzi nne kwa vipimo vyangu mwenyewe. Aliniahidi miezi mitatu, ikawa saba. Sasa nimelipiga jukwaani mwaka mzima.

Kilichonisukuma kuagiza ni mahali pa kuweka pikapu ya nyuma, yaani kifaa cha sumaku kinachookota mtikisiko wa nyuzi. Wanaolifahamu Fender Jazz Bass, besi la kampuni ya Fender ya Marekani lililotoka mwaka 1960, wanajua kwamba katika miaka ya 1970 pikapu hiyo ilisogezwa karibu zaidi na briji (daraja linaloshikilia nyuzi mwilini) kwa takriban sentimita 1, na sauti ikawa kavu na yenye makali; mpiga besi Mmarekani Marcus Miller alijijengea jina kwa gitaa la aina hiyo, la mwaka 1977. Karibu na briji uzi hutikisika kidogo, kwa hiyo pikapu iliyopo hapo huokota makali ya uzi kuliko uzito wake. Katika dansi, ambako besi hujibizana na gitaa la rithimu muda wote, nayahitaji makali hayo, ila si yote.

Hapa fundi alinishangaza. Kabla ya kuchimba tundu lolote, alikaza nyuzi mbili juu ya ubao mtupu kwa urefu wa inchi 34, uleule wa besi langu, akaichomeka pikapu kwenye ampli, kisha akawa anaisogeza chini ya nyuzi kwa kidole huku mimi nikipiga sebene ileile kwa karibu saa nzima. Kila niliporidhika alichora mstari wa penseli. Mistari ilipofika sita, minne ilikuwa imesongamana ndani ya upana wa kidole kimoja, katikati ya vipimo vile viwili vya Fender. "Hapo hapo, kaka," akasema, "masikio yako yameshaamua." Tundu likachimbwa hapo, na mpaka leo sijawahi kulijutia.

Mwili ni wa mninga na shingo ni ya mkangazi, lakini ubao wa vidole ni wa mpingo, mti mzito usioelea majini, ambao watengenezaji wa klarineti wameutegemea kwa muda mrefu. Sidai kwamba mpingo umebadilisha sauti kwa kiasi ambacho msikilizaji wa meza ya nyuma angekigundua; faida yake ni ugumu, kwani baada ya mwaka wa nyuzi za chuma sioni alama hata moja ya mkwaruzo. Fundi alitaka kuandika jina langu kwa vipande vya kombe la baharini kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatisha ubao wa vidole). Nilikataa, nikaomba saini ndogo nyuma ya kichwa cha gitaa, na kazi ya kombe iishie kwenye nukta za ubavuni, ambazo mpigaji huzitazama taa za jukwaa zinapofifia.

Kasoro kubwa iko kwenye pembe ya juu ya mwili, pale mkanda unapofungwa. Fundi aliifupisha ili umbo lipendeze, na kwa kuwa kitufe cha mkanda hakifiki usawa wa freti ya 12, huku mpingo ukiongeza uzito upande wa shingo, gitaa huinamia sakafu mara tu ninapoachia mkono wa kushoto. Miezi miwili ya kwanza nilirudi nyumbani na bega linalouma. Tulibadilisha vifunguo vya kukazia nyuzi tukaweka vyepesi, nami nikanunua mkanda mpana wa ngozi usioteleza. Kuinama kumepungua, lakini hakujaisha. Saketi ya sauti inayotumia betri ya volti 9 haina tatizo, isipokuwa kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu nne, na betri ikiisha katikati ya onyesho huna muda wa kutafuta bisibisi.

Nimeshazungumza naye kuhusu besi la pili, la nyuzi tano. Pikapu nitamwachia apime kwa njia yake ileile. Pembe ya juu nitaichora mimi.