Ofisi ya tiketi Kariakoo iliyonihesabia masaa ya mama

Mara ya kwanza kumpeleka mama Mumbai kwa matibabu, tiketi nilikata kwenye ofisi moja kubwa mjini. Wakatupitisha Dubai, eti nafuu. Bei ilikuwa nafuu kweli, ila hakuna aliyeniambia kwamba Dar hadi Mumbai moja kwa moja ni kama kilomita 4,700 na sisi tutazunguka karibu 5,900, wala kwamba tutakaa uwanjani masaa tisa. Mama ana sukari, anachoma sindano kila masaa 12. Tulifika miguu imemvimba, viatu havimwingii, na mimi hesabu ya sindano imeshanipotea.

Safari hii jirani akanielekeza ofisi ndogo upande wa Mtaa wa Msimbazi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Ngazi zimesimama na lifti hakuna, hivyo mama nilimwacha chini kwa fundi cherehani. Kijana wa tiketi aliposikia, akashuka mwenyewe. "Shikamoo mama. Unasafiri na dawa gani?" Hakuna muuza tiketi aliyewahi kutuuliza hivyo.

Alituchagulia ndege ya moja kwa moja ya Air Tanzania, ambao Mumbai walianza kwenda 2019. Tiketi inasema kuondoka 17:00, kufika 01:30. Nikatoa haraka: masaa nane na nusu. "Hapana dada, hiyo 01:30 ni saa ya India. Wako mbele yetu masaa mawili na nusu. Hewani mnakaa sita tu." Akageuza risiti, akaandika nyuma kwa kalamu nyekundu: kuondoka saa 11 jioni, kutua saa 5 usiku ya Dar, kwao saa 7 na nusu. Chini yake akaweka ya kurudi, 02:30 mpaka 06:00. Ukiisoma hivihivi ni masaa matatu na nusu, kumbe ni sita yaleyale.

Akasisitiza sindano tubebe mkononi, zisiende na mabegi ya chini, maana insulini ikiganda imeharibika. Na tuwe na barua ya daktari.

Risiti ile niliipeleka kliniki, daktari akapanga masaa kwa kuifuata. Saa 12 jioni ya Dar tulikuwa juu ya bahari, sinia la chakula limeshafika mbele ya mama, akajichoma bila wasiwasi. Mumbai alishuka na viatu vyake miguuni.

Tuliongeza hela kuliko ile ya kupitia Dubai, na sijutii hata shilingi. Kasoro yao ni simu: mchana haipokelewi, bora uende asubuhi kabla foleni haijafika kwenye ngazi. Risiti ya kalamu nyekundu bado imo ndani ya pasipoti ya mama. Januari ana kliniki tena, na tiketi nitakata palepale.