MeshLab na FreeCAD: uzoefu wangu wa kufufua impela ya pampu

Nashughulika na pampu za maji za majengo hapa Dar es Salaam. Ukiikosa impela (gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji) ya pampu ya zamani Kariakoo, ushauri utakaopewa ni mmoja: nunua pampu nzima. Safari hii sikukubali. Impela ilikuwa ya shaba nyeusi, yenye mapanga sita, ncha zimelika kwa mchanga, na mchoro wake haupo popote. Nimeirudisha kwa programu mbili za bure, MeshLab na FreeCAD, na nazipendekeza kwa moyo wote, ila ujue kila moja inafanya nini.

Kuskani, yaani kunakili umbo lake lote kwa mashine ya mwanga hadi kwenye kompyuta, nililipia ofisi moja mjini. Skani yenyewe ilikuwa nzuri. Walipuliza unga mweupe kwanza, kwa sababu uso unaong'aa unatawanya mwanga na kuichanganya skana. Kilichoniudhi ni kunikabidhi faili la STL na kuniambia modeli iko tayari. Haikuwa tayari. STL ni muundo wa mwaka 1987 na ndani yake mna pembetatu tupu. Haijui duara wala tundu la shafti, na haisemi hata kama namba zake ni milimita au inchi. Ipeleke mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kukereza vyuma uone: atakuuliza kipenyo, nawe utabaki kuangalia skrini.

MeshLab, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, mwaka 2005, ndiyo niliyosafishia. Inafuta vipande vinavyoelea pembeni, inaziba mapengo ambayo skana haikuyafikia katikati ya mapanga, kisha inapunguza pembetatu. Upunguzaji wake umenifurahisha sana: inaanza kuunganisha pale uso ulipo bapa, na penye kona inapunguza kwa uangalifu, kwa hiyo faili linakuwa jepesi na umbo linabaki. Kuna pia njia ya Poisson, inayojenga uso mzima upya kutoka kwenye nukta. Kwa kinyago cha soko la Mwenge ni tamu kweli. Kwa kipuri cha mashine nakukataza, maana inalainisha kingo kali na inaweza kukuzibia tundu unalolihitaji.

Kazi kubwa iko FreeCAD. Inawezekana kuiamuru igeuze meshi (huo wavu wa pembetatu) moja kwa moja kuwa umbo la kuchorea, lakini kila pembetatu itageuka uso wake peke yake. Pembetatu laki moja, nyuso laki moja. Laptopu ya kawaida itahema, na bado hutapata silinda hata moja ya kurekebisha. Itumie meshi kama kielelezo cha kuchorea juu yake. Kwanza inyooshe, kwa sababu skani huja imekaa upande: bapa la nyuma la impela lilalie kwenye sakafu ya mchoro, na katikati ya tundu pawe kwenye sifuri. Halafu ikate vipande vya mlalo na uchore upya kwa kufuata mistari ya mkato.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na sijutii. Skani imenakili uchakavu pamoja na umbo, nami nilitaka impela ilivyotoka kiwandani. Basi nikayalinganisha mapanga yote sita, nikachagua lililolika kidogo kuliko mengine, nikaufuata mpindo wake kwenye mikato ya juu, kati na chini, nikalirefusha ncha hadi kwenye duara la nje. Hilo moja nikalizungusha kwa nyuzi 60 mpaka yakatimia sita. Kwenye tundu la shafti niliiamini vernia, kile kipimo cha mkono cha kubana. Skani ilinipa milimita 19.8 upande mmoja na 19.9 mwingine, shafti yenyewe ni 20, na tundu nikalichora kwa hiyo 20.

Baada ya hapo nikairudisha modeli mpya MeshLab kupima umbali wake na skani ya mwanzo. Programu inaipaka rangi kulingana na tofauti. Kwenye bapa la nyuma rangi ilikuwa moja safi. Kwenye ncha za mapanga ilibadilika, na ndivyo nilivyotaka, maana pale ndipo shaba ilipolika.

Kinachotoka FreeCAD ni faili la STEP, ambalo mwenye mashine ya CNC (inayochonga chuma kwa kuongozwa na kompyuta) analifungua na kupima anachotaka. Mimi nilitengeneza kielelezo cha plastiki cha kuacha umbo lake kwenye mchanga, ambamo shaba iliyoyeyushwa inamiminwa, yaani kusubu. Shaba nyeusi husinyaa ikipoa, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 hivi, kwa hiyo kielelezo kikuzwe kwa kiasi anachokisema msubuji wako, na tundu liachiwe nyama ya kukereza. Impela mpya isawazishwe uzito pande zote kabla ya kufungwa, vinginevyo itatetemeka na kula bearingi.

Upungufu? FreeCAD inataka uvumilivu, na kwa laptopu ya RAM chini ya GB 16 punguza meshi kwanza. Programu za kulipia kama Geomagic Design X zina zana maalumu za kutambua silinda na bapa, na kwa karakana yenye kazi hizi kila wiki leseni inaweza kujilipa. Kwa fundi mwenye kipuri kimoja kimoja, hizi za bure zinatosha kabisa. Ukienda kuskaniwa, waombe wakuandikie kipimo cha milimita na wakupe skani ghafi kabla hawajailainisha, na kipuri chako kipime mwenyewe kwa vernia kabla hujawakabidhi.