Pakiti mbili za mbegu za maua: ipi inayodumu Unguja?

Assalaam alaykum watazamaji wangu. Leo mezani nna pakiti mbili za mbegu, zote nimenunua siku moja hapa mjini. Hii ya kwanza, hebu itazameni, imeandikwa maua ya kudumu. Picha zake nzuri mno: lupini, lavenda, ekinasia. Hii ya pili ni vinka peke yake, nayo imeandikwa ua la msimu mmoja. Mie nikitaka ya kudumu, basi matumaini yote niliyatia kwenye ile ya kwanza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa pesa. Neno "kudumu" kwenye pakiti kama hizi limeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Maana yake mmea unahimili barafu, ukalala, ukachipua tena. Vinka asili yake Madagaska, barafu inamuua, ndio kule wakamwita wa msimu mmoja. Kwetu barafu iko wapi? Hapa anakaa miaka!

Ile ya kwanza nimeihangaikia kwelikweli. Lavenda na ekinasia nilizifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaziweka kwenye friji wiki nne, kwa sababu mbegu hizo huamshwa na baridi. Lupini ganda lake gumu, nikalikwaruza kwa msasa na kuziroweka usiku kucha. Lupini ziliota, nikafurahi, lakini joto la kaskazi halikuziacha hata moja. Lavenda ilitoa miche mitatu, unyevu wa huku ukaimaliza. Ekinasia ninayo moja, hii hapa, bado haijatoa ua. Pakiti hii naipa mbili kwa kumi, na mbili zenyewe ni kwa sababu mbegu zilikuwa hai.

Vinka sasa. Jamani, huyu ndiye wetu. Udongo nimetumia vumbi la makumbi, na hapa naomba muwe waangalifu: makumbi yaliyofukiwa pwani yana chumvi, yaoshe kwa maji baridi mara tatu, nne. Changanya na mchanga, lakini usiwe wa baharini, na mbolea kidogo iliyooza sawasawa. Fukia mbegu nusu sentimita, kisha funika trei kwa plastiki nyeusi. Mbegu ya vinka inataka giza. Ukiiacha juani juu ya udongo utangoja bure. Kuanzia siku ya saba chungulia kila asubuhi, na ukiona shingo zimetoka, ondoa plastiki siku hiyohiyo.

Trei yangu ya mwanzo niliipoteza kwa maji. Nilimwagia asubuhi na jioni, miche ikaoza shingoni ikalala yote, ndio ugonjwa wanaouita kinyausi. Iliniuma sana. Trei ya pili nikaiweka ndani ya beseni lenye maji kidogo, inyonye kwa chini, udongo ukilowa naitoa. Sikupoteza tena. Kwa hiyo wakati wa masika wekeni trei chini ya paa, msiiache uwanjani.

Miche ikishatoa majani sita nilihamishia mingine kwa mama, Jambiani, kwenye ardhi ile ya mawe ambayo mwawaridi ulimshinda. Imeshika na inachanua. Mbuzi hawaigusi, kwani mmea huu una sumu, na wenye watoto wadogo lijueni hilo pia.

Vinka naipa tisa. Moja nimeikata kwa sababu maelezo ya giza yameandikwa nyuma kwa herufi ndogo mno, na ndiyo maelezo yenyewe hasa.

Na pakiti nyingine sinunui. Angalieni hapa chini ya ua, mnaviona hivi vijiganda viwili vyembamba? Vikianza kugeuka manjano vichumeni, viacheni vikauke ndani ya bahasha, kabla havijapasuka na kuzimwaga mbegu zake nyeusi.