UCHAMBUZI: 365 Dni, Steringi Ndiye Adui na Muvi Haijui

Habari zenu wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nimekuja na hasira na sizifichi. Tunaichambua 365 Dni, ile muvi ya Poland iliyoingia Netflix Juni 2020, dunia nzima ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona. Kama kuna watoto hapo sebuleni, waende wakacheze nje kwanza. Hakuna kipande kibaya nitakachoonyesha, ila maongezi ni ya watu wazima.

Hadithi wengi mnaijua. Massimo ni bosi wa mafia wa Sicilia, anamteka Laura, dada kutoka Warszawa aliyekuja kutembea, anampa siku 365 ampende. Imetoka kwenye kitabu cha Blanka Lipińska, waongozaji ni wawili, Barbara Białowąs na Tomasz Mandes. Tuendelee.

Wanainadi kama muvi ya mapenzi yenye msisimko. Mapenzi tuyaache kidogo. Msisimko uko wapi? Dakika 114 nakaa pale nasubiri kuogopa, siogopi. Na shida si hela. Wengi mmeandika kwenye maoni kwamba muvi za Ulaya za bajeti ndogo lazima ziwe hivi. Hapana jamani, nakataa.

Subirini niwaonyeshe kitu kimoja, na hapa nitakaa, maana ndipo ugonjwa wote ulipo. Laura ameamka kwenye jumba la watu asiowajua. Anataka kuondoka. Massimo anamwambia hatafanya chochote bila ridhaa yake. Sikilizeni maneno, halafu tazameni mkono. Mkono tayari uko mwilini mwa huyo dada! Mdomo unaahidi, mkono unavunja ahadi palepale, kwenye picha ileile. Mwongozaji anayejua kazi angeishika hapo hapo. Angeniwekea uso wa Laura, aniache nao, nimwone anavyohesabu milango, anavyopima nani ana bastola, anavyojilazimisha kupumua. Ningeganda kwenye kiti. Hawa wamefanya nini? Wameweka muziki. Kamera inampenda Massimo, inamzunguka, inamwangazia kifua, taa za dhahabu, na wimbo unaingia kana kwamba ni tangazo la manukato.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua muvi ina steringi na ina adui. Hapa steringi ndiye adui. Ameteka mtu! Hilo peke yake lingetosha kuwa muvi kali sana: mwanamke amefungiwa na mtu ambaye kila mtu anamtazama kama mwanamume wa ndoto. Lakini walioitengeneza hawamwoni kuwa adui, kwa hiyo hawana namna ya kututisha. Wanatafuta maadui wa pembeni, koo nyingine za mafia, wanaume wa suti wanaokunja nyuso, ambao hata majina yao hayanikai kichwani.

Na hizo nyimbo! Michele Morrone anayecheza Massimo anaimba mwenyewe baadhi yake, na ile Feel It ni wimbo mzuri, ninao kwenye simu mpaka leo. Ila kila jambo likitaka kuanza, wimbo. Wananunua nguo, wimbo. Wanagombana, wimbo. Laura ana ugonjwa wa moyo, jambo ambalo mwandishi mwingine angelifanya bomu linalohesabu sekunde, hapa halikunitisha hata mara moja.

Twende kwenye yoti. Laura anaanguka baharini, Massimo anamtoa, na kinachofuata ndicho kilichofanya watu watumiane linki za muvi usiku kucha. Sawa. Sasa tafuta Nóż w wodzie, yaani Kisu Majini, ya Roman Polanski, ya mwaka 1962. Poland hiyohiyo! Mashua ndogo ziwani, mume, mke, na kijana waliyempa lifti. Watu watatu tu, nyeusi na nyeupe, na kisu. Hiyo ilikuwa muvi yake ndefu ya kwanza, na ikateuliwa Oscar upande wa filamu za kigeni. Wale wanaume wawili wanashindana mbele ya yule mama kwa vitu vidogo kabisa, kamba, usukani, kisu cha kuchezea vidoleni, na wewe huwezi hata kwenda kuchukua maji. Hawakuwa na majumba wala magari ya kifahari. Walijua nani anamwogopa nani. Basi mkiniambia ni bajeti, siwaelewi.

Kuna jambo zito pia. Julai 2020 Duffy, yule mwimbaji wa Wales ambaye mwenyewe alitekwa na kubakwa, alimwandikia barua ya wazi aliyekuwa bosi wa Netflix wakati huo, Reed Hastings, akilalamika kwamba muvi hii inapamba utekaji. Niliposoma ile barua, ile sehemu ya mkono niliyowaonyesha sikuiona tena kama udhaifu wa uandishi tu. Ni dharau kwa watu waliopitia hayo.

Tuzo za Razzie, zile za kuwacheka walioharibu, mwaka 2021 ziliipa ya skripti mbaya kuliko zote, na kwa wahakiki wa Rotten Tomatoes, ule mtandao unaokusanya maoni ya wachambuzi wa muvi, iko asilimia 0. Anna-Maria Sieklucka, yaani Laura, simlaumu. Akiwa na rafiki yake Olga wanaongea Kipolandi anachangamka, ana utani, ni mtu kamili. Akirudi kwenye Kiingereza cha Massimo anakuwa sanamu.

Halafu mwishoni, ile ya handaki. Laura yuko kwenye gari, anaongea na simu, gari linaingia handakini, simu inakatika. Hapo moyo ulinidunda! Hakuna wimbo, hakuna kifua, ni giza na simu iliyokatika. Kumbe wanaweza! Na muvi ikaisha. Sehemu ya pili ikatoka Aprili 2022, inaanza na harusi. Lile handaki limepitwa kwa maneno machache, na baadaye wanatuletea pacha wa Massimo. Pacha, jamani!

Watazamaji wangu wa Kenya mnakumbuka ule mpango wa bure wa Netflix kwenye Android, ulioanza 2021 ukafungwa 2023. Wakati ule ningesema jaribu. Leo unalipia na bando ni lako, kwa hiyo nasema hapana, usiichukue. Tazama dakika kumi za mwisho kwa rafiki.

Maiki mpya imefika, kuanzia video ijayo mtanisikia vizuri. Ijumaa tunaichambua Nóż w wodzie yenyewe, kile kipande cha kisu nitakisimamisha picha kwa picha. Jisajili, gonga kengele, na uniandikie hapo chini: ungekuwa wewe mwongozaji, lile handaki ungeliweka wapi?