TAHADHARI: Kuna winga (dalali wa mtaani) Kariakoo anauza amplifaya zenye zege ndani

Wakuu, naandika haya nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi hapa Unga Limited, Arusha, mkononi nina kipande cha zege kikubwa kama mche wa sabuni uliokatwa nusu. Kimetoka ndani ya amplifaya niliyoinunua laki moja na tisini. Sitanii. Kokoto zinaonekana kabisa. Fundi amecheka mpaka akakaa chini, vijana wake wakaitana na wale wa gereji ya pili waje washuhudie, na mmoja akauliza kama Bibi, yaani Land Rover Defender yangu, anajengewa msingi.

Bibi mnamjua. Na safari ya Ziwa Natron ya mwezi wa nane mnaijua, sitairudia hapa. Nilichoapa siku ile pale Engaresero, kijiji cha karibu na ziwa, mbele ya mashahidi ambao wengine wako humu, ni kwamba sirudi tena barabara ile bila muziki. Wenye Prado msinicheke. Nyie mna milango yenye tundu la spika na mazulia ya kumeza kelele. Defender ni debe la alumini: dizeli ya 300Tdi mbele, kokoto zinapiga chini, vioo vya nyuma vinacheza kwenye reli zake. Redio yenyewe usoni imeandikwa wati 50 mara 4, lakini kinachotoka kweli ni wati 15, ikijitahidi sana 20 kwa kila spika. Ukifika spidi 60 unaona tu mdomo wa redio unaimba. Kwa hiyo amplifaya haikuwa anasa, na bajeti yangu ilikuwa laki tano, hela ambayo mwenzangu nyumbani alikuwa ameshaipangia kazi nyingine. Hilo nitalirudia, au pengine nisilirudie.

Nilikuwa Dar kwa arobaini ya mama mdogo. Jumamosi asubuhi nikashuka Kariakoo, basi langu la kurudi Arusha linatoka Mbezi saa kumi na mbili jioni. Nilishaingia maduka matatu, kote wananitajia seti nzima laki saba na kuendelea, na hakuna aliyeinua kichwa kwenye simu yake. La nne ndilo hilo. Nje amesimama kijana wa miaka kama thelathini, shati jeupe limenyooshwa, kalamu mfukoni. Akanipa shikamoo. Nikaitikia. "Karibu kaka mkubwa, gari gani tunaipigia muziki leo?"

Nikamwambia Defender 110.

"Tdi au Td5?"

Jamani. Hapo ndipo aliponimaliza, mengine yote yaliyofuata yalikuwa kumalizia tu. Nani Kariakoo anakuuliza Tdi au Td5, injini mbili tofauti za dizeli za Defender? Watu wanadhani Land Rover ni Land Rover. Nikasema 300Tdi, akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la mjomba wake. Akainua mbao ya kaunta, akapita ndani, akavuta stuli akakaa, akachukua kikokotoo kilichokuwa pale. Kijana mwingine wa mle ndani akamsogezea kibao cha spika za kuonyeshea wateja bila hata kuulizwa. Sasa niambieni, mtu anayefungua kaunta, akakaa kwenye stuli, akashika kikokotoo cha duka, utamdhania nani kama si mwenye duka?

Akaanza kunipangia. "Betri yako iko chini ya kiti cha abiria, au sio? Basi mashine tunailaza chini ya kiti cha dereva, waya haufiki mita mbili. Usinunue ule wa mita tano, utatupa hela." Nilikuwa nimeshika ule wa mita tano mkononi! Akaninyang'anya, akaurudisha juu ya rafu, akanipa wa bei ndogo. Muuzaji anayekunyang'anya kitu cha bei kubwa ili ununue cha bei ndogo, mimi nilimwona ndugu. Na alichosema ni kweli tupu, hata fundi amekubali, ndiyo sehemu ya kwanza ya kuichomekea kwenye Defender. Mwizi aliyesoma gari langu vizuri kuliko mimi.

Tukafika kwenye mashine yenyewe. Nyeusi, chaneli nne, imeandikwa wati 4000 kwa herufi za dhahabu. Ilikuwa kwenye kibao, imeshaungwa na sabufa nyembamba ya chini ya kiti. Akaniuliza napenda muziki gani. Nikasema zilipendwa. Hakucheka kama vijana wengine, akatafuta kwenye simu, akaweka dansi la zamani, halafu akaweka chupa ya maji wazi juu ya sabufa. Gitaa la besi likaingia na maji yakaanza kutetemeka kwa duara ndogondogo, kila uzi unaupata. Akapandisha. Kifua changu kikapokea. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo kichwani akacheza hatua mbili pale mlangoni akaendelea na safari yake. Nikajiona niko kwenye mteremko wa kushuka Engaruka, jua linazama, Bibi anaimba.

Nikasema hii hii nafunga. Na nilikuwa namaanisha ile ile, iliyokuwa inapiga.

Akainamisha sauti, kama mtu anayekusitiri. "Kaka mkubwa, hii ya kibaoni imeguswa na kila mtu. Imepiga kutwa mwezi mzima. Wewe umetoka mbali, nikuletee ya kwenye boksi."

Nikafurahi! Ndicho kinachonichoma zaidi. Nikajiona mteja wa heshima. Akapotea kwenda stoo, "ghorofa ya pili, dakika mbili", akaniachia maji ya chupa niwe nakunywa. Dakika zikawa kama kumi na tano. Nilikaa kwenye benchi la watu nakunywa maji ya mwizi na kumsifia moyoni kwamba hana haraka.

Akarudi na boksi limefungwa kwa gundi ya karatasi, na ile lakiri inayong'aa rangi za upinde. Nikasema tufungue nione. "Fungua tu, ni yako. Ila ukikata lakiri warantii ya mwaka imekufa, mimi sitakuwa na la kusema." Kisha akaniwekea boksi mikononi. "Lakini shika kwanza. Pima. Mashine ya kweli ina uzito, feki unaibeba kwa kidole." Nikapima. Nzito. Nzito hasa. Nikamwangalia kwa heshima. Na hilo nalo lina ukweli, mashine nyingi za kweli zina transfoma na alumini ya kutosha ya kupoza joto, kwa hiyo zina uzito. Alinifundisha kipimo cha kweli huku ameshanichanganyia saruji.

Hesabu ikawa hivi: mashine 190,000, sabufa 160,000, spika za mlango inchi sita na nusu 70,000, seti ya nyaya 40,000. Jumla 460,000. Nikaomba risiti. Akasema na risiti ndiyo bei hiyo, bila risiti nipe 420,000 yaishe, si unajua kodi. Nikafikiria ile elfu arobaini, nikafikiria nauli, nikasema yaishe. Najua. Msiniandikie kuhusu hilo, nyumbani nimeshaandikiwa.

Ilipiga siku kumi na tisa. Tena kwa sauti ya chini kuliko nilivyoikumbuka, nikajiambia labda ni zile kelele za Bibi, labda spika bado ngeni, labda nikiweka matandiko ya mpira milangoni itakaa sawa. Nilimtetea yule kijana kwa wiki karibu tatu. Jumapili iliyopita tukatoka na watoto, tumeacha lami tu, barabara imeanza kupigapiga, mwanangu wa pili akasema, "Baba, kuna kitu kinanuka kama pasi." Nikadhani breki. Muziki ukakatika, moshi ukatoka chini ya kiti NILICHOKALIA. Betri iko kiti cha pili, watoto watatu nyuma, mlango wa nyuma wa Bibi mnaujua unavyofunguka kwa kubembelezwa. Sijui niliwatoaje. Mikono ilikuwa inatetemeka nikashindwa kulegeza kile kibano cha betri, akaja kijana wa ng'ombe akanishikia spana.

Leo ndiyo tumefungua. Skrubu nne tu. Ganda lote refu la alumini, ndani kuna kibao cha umeme kidogo kama viberiti viwili vilivyolazwa, na hilo zege limebandikwa kwa silikoni lisicheze. Basi. Waya nao fundi akaukwangua kwa wembe: plastiki nene kama kidole, ndani vinyuzi vichache, juu rangi ya shaba, ukikwangua vyeupe. Alumini iliyopakwa. Waya wa namna ile, kwa unene ule ulioandikwa, hauwezi kubeba kinachodaiwa, unapata moto mpaka ganda linayeyuka, na kwangu liliyeyuka.

Kisha fundi akanionyesha fyuzi iliyokuwa ubavuni mwa mashine, siku zote ilikuwa pale nje, inasomeka bila kufungua hata skrubu moja. Imeandikwa 15. Akachukua chaki akaandika ukutani: ampea 15 mara volti 14 ni wati 210. Hicho ndicho kinachoweza kuingia, na karibu nusu kinapotea kuwa joto. Wati 4000 ingehitaji zaidi ya ampea 280. Altaneta ya Bibi ni ampea 65 ikiwa mpya. Mimi nimesoma hesabu mpaka kidato cha sita.

Nikampigia. Mara ya kwanza akapokea, "Kaka mkubwa, habari za Arusha?" Nikamweleza. Akasema lakiri imekatwa? Nikasema imekatwa ndiyo, kuna moshi! Akasema basi warantii imekufa, akakata. Tangu hapo hapatikani. Shemeji yangu akaenda dukani leo mchana. Mwenye duka, mzee wa watu, akamwambia: huyo si wangu, huyo ni winga tu, huleta wateja akikaa hapo, sijui hata anakolala. Stoo ya ghorofa ya pili? Hakuna stoo. Ghorofa ya pili ni saluni. Ile mashine ya kibaoni ni ya duka, nzima, bado ipo na bado inapiga, shemeji amenitumia video kana kwamba nahitaji.

Sisemi mawinga wote. Kuna mmoja alinitafutia bushi za Bibi siku nzima juani akachukua elfu tano tu. Lakini huyu akamatwe. Shemeji mwingine, yule wa sheria, ananiambia kujipatia mali kwa udanganyifu kuko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, mpaka miaka saba. Saba ni michache. Sitaki achomwe wala apigwe na watu, hapana, nisieleweke vibaya, nataka afike kwa hakimu akiwa mzima na shati lake jeupe, zege liwe kielelezo namba moja mezani, na aulizwe mbele ya watu Tdi au Td5. Nataka arudishe hela ya kila mtu. Akimaliza kifungo afungwe mkanda kiti cha nyuma cha Bibi, kile cha pembeni, kutoka Mto wa Mbu mpaka ziwani, bila muziki, mchana wa mwezi wa kwanza, vumbi lote la mbele liwe lake. Kesi nimeambiwa nikaifungue kule kule ilikotokea, na nitakwenda, nauli nimeshatenga.

Dalili zilikuwepo, sasa naziona. Lipa Namba aliyonipa ya kulipia kwa simu ilitokea jina la kike na neno vipodozi, nikabonyeza moja kuthibitisha huku anaongea. Sakafu ya boksi ilikuwa na unga wa kijivu, nikadhani vumbi la stoo. Hakuwahi kuitwa jina na mtu yeyote mle dukani. Ukienda, ing'ang'anie ile ile uliyoisikia ikipiga, ifunguliwe kibaoni mbele yako, iingie kwenye mfuko wako. Na soma fyuzi. Na nenda na wembe. Huyo kijana ana kovu dogo la

Hapana, mke wangu amesoma juu ya bega amesema nisiweke alama za mtu, niache polisi. Sawa.

Kama kuna mwenzangu alinunua mashine nyeusi ya herufi za dhahabu kipindi hicho na bado iko chini ya kiti inapiga kwa unyonge, zima, chomoa waya wa betri leo hii kabla hujalala, halafu fungua skrubu nne. Ukikuta zege nitumie ujumbe, tukiwa watatu au wanne kesi itakuwa nzito zaidi. Spika za mlango ni nzima, kwa kweli. Sabufa nayo fundi anasema inafaa. Anauza amplifaya yake ya zamani ya chaneli mbili, ina mikwaruzo, fyuzi mbili za 25, anataka laki na ishirini. Nimemwambia aifungue kwanza nione ndani.