Laser iliyotumika katika Ziwa Victoria: tathmini ya mnunuzi anayejifunza tanga

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilinunua mashua ya tanga aina ya Laser iliyokwisha tumika, kwa shilingi milioni nne na nusu za Uganda, kutoka kwa muuzaji wa vyombo aliyeko kando ya ziwa, upande wa Entebbe. Sikuwa nimewahi kumiliki chombo. Nilikuwa nimejifunza kwa majuma machache tu katika mashua ya rafiki yangu. Naandika kwa ajili ya mtu aliye na hamu kama niliyokuwa nayo, ambaye hajui atazame wapi kabla ya kulipa.

Laser ni mashua ya mtu mmoja yenye urefu wa meta 4.2, bodi (yaani kiwiliwili chake) ya faiba, tanga moja, na mlingoti wa vipande viwili unaochomekwa katika tundu lililo kwenye sitaha. Ilibuniwa na Bruce Kirby wa Kanada na zimekwisha undwa zaidi ya laki mbili, kwa hiyo vipuri vyake hupatikana, ingawa mnunuzi akumbuke kwamba siku hizi zile mpya huuzwa kwa jina la ILCA, kifupi cha jina la Kiingereza la chama cha kimataifa cha mashua hizi.

Udhaifu mkubwa wa Laser kuukuu umo ndani ya lile tundu la mlingoti, na hapo ndipo nilipoumia. Upepo unaposukuma tanga, nguvu nyingi huishia kwenye kitako cha mlingoti. Mchanga ukiingia humo husaga faiba mwaka baada ya mwaka, mpaka maji yanapata njia ya kupenya hadi ndani ya bodi. Mimi nilitazama rangi, nikaona inang'aa, nikalipa. Majuma mawili baadaye fundi mmoja mzee wa mashua pale Kasenyi aliniambia, “Mwanangu, tia maji kwenye tundu, kisha kaa ungoje.” Tulilijaza hadi juu, na kabla hatujamaliza chai maji yalikuwa yamekwisha shuka yote. Nilipomuuliza, “Mzee, yamekwenda wapi?” aliinua upande wa mbele, nasi tukayasikia yakikimbia ndani kuelekea nyuma. Jaribio hilo halihitaji zaidi ya ndoo moja, na muuzaji hakunieleza lolote, ingawa naamini alijua.

Mambo mengine ya bodi ni mepesi kukagua. Bonyeza sitaha kwa kiganja mahali unapokaa: ikibonyea, faiba imeachana na povu lililo chini yake. Vilevile ipime kwenye mizani, kwa kuwa bodi nzima ina uzito wa takribani kilo 59, na iliyokunywa maji huzidi hapo kwa wazi.

Tanga lilikuwa kosa langu la pili. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la mwaka mzima hula kitambaa na kamba zilizoachwa nje. Tanga langu lilikuwa laini kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, na tanga la namna hiyo hutuna vibaya, likashindwa kukupeleka mbele unapobisha, yaani unapokwenda kwa kupinda-pinda kuelekea upepo unakotoka. Isitoshe, lilikuwa tanga kubwa, la meta 7 za mraba, nami nina kilo 62. Laser ina matanga mawili madogo zaidi yanayotumia bodi ileile. Hubadilishwa kipande cha chini cha mlingoti tu. Laiti ningejua hilo mapema, ningedai tanga dogo au nipunguziwe bei.

Majini, hata hivyo, mashua hii imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kwenye pwani yetu ya kaskazini, upepo wa mchana kwa kawaida hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo unatoka kwa kubisha na kurudi ukisukumwa, na anayechoka huletwa nyumbani. Ni mashua yenye kupinduka upesi, lakini haizami bodi ikiwa kavu: unasimama juu ya ubao wa katikati, ule unaotokeza chini ya bodi, inainuka, unapanda tena. Usiingie bila jaketi la kuokolea, na umwone daktari kuhusu kichocho, kwa sababu utalowa mara nyingi. Mawingu meusi ya asubuhi juu ya ziwa yaheshimuni. Mimi sitoki kabisa nikiyaona.

Je, ningeinunua tena? Mashua ndiyo, ila si kwa bei ile, wala bila ndoo ya maji. Kwa anayetaka kujifunza akiwa na mwenzake au mtoto, ningependekeza atafute chombo kipana cha watu wawili, maana Laser haina nafasi ya mwalimu. Fundi wa Kasenyi amekwisha ziba tundu langu kwa faiba mpya na jaribio la maji limepita. Tanga dogo nimeliagiza, na mpaka lifike nitaendelea kutoka siku za upepo mwanana tu.